Kazi ya Kahawa Ilipokwisha

Kwa miaka kumi na moja Godelive alichagua kahawa katika usine moja, yaani kiwanda, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo. Kila asubuhi alifunga kitambaa kichwani, akachukua tablie yake ya buluu, aproni ya kazi, akashuka mlima pamoja na wanawake wengine. Kazini walikaa kwenye meza ndefu, mmoja mbele ya mwenzake. Kahawa ilimwagwa mezani. Vidole vyao viliondoa punje nyeusi, punje zilizovunjika, vijiti na mawe. Macho yalikuwa kwenye kahawa, lakini midomo ilikuwa huru. Walisimuliana habari za watoto, za ndoa, za mashamba ya Masereka. Mmoja akianzisha wimbo, meza nzima iliitikia.

Godelive alikuwa mjane. Mtoto wake wa pekee, Jemima, aliolewa Kayna. Tangu vita vianze, barabara ya Kayna ilikuwa na watu wenye bunduki. Mwaka wa pili sasa mama na mtoto hawajaonana. Kwa hiyo ile meza ilikuwa ndiyo jamaa yake.

Mwaka wa 2000, mwezi wa tatu, usine ilifungwa. Asubuhi moja wanawake walikuta kufuli mlangoni.

"Kahawa hakuna tena, bamama," mlinzi aliwaambia. "Murudi tu nyumbani."

Walisimama kidogo. Kisha kila mmoja akashika njia yake. Walikuwa wanakaa mitaa mbalimbali, na hakuna aliyefikiri kuuliza wataonana wapi tena.

Godelive alipokuwa anapanda mlima, alikutana na jirani yake, Mama Keren. Huyu naye alikuwa mchaguzi wa kahawa, lakini katika usine nyingine, upande wa pili wa mji.

"Mama Jemima, unarudia mapema hivi?" Mama Keren aliuliza.

Godelive aliona haya. Aliona kama yeye ndiye aliyefukuzwa, kama mikono yake ndiyo iliyokosa.

"Nilisahau kitu," alijibu. "Niko narudi kazi sasa hivi."

Akaingia nyumbani, akatoka tena, akashuka mlima. Alizunguka mjini mpaka jua lilipoinama.

Kesho yake alifanya vilevile. Na keshokutwa. Alichukua tablie yake, akafunga mlango, akashuka. Mara nyingi alikutana na Mama Keren njiani.

"Unaenda kazi?"

"Naenda. Na weye?"

"Na miye naenda."

Kwenye njia panda waliachana. Godelive alikwenda kukaa kanisani, kiti cha nyuma. Siku nyingine alizunguka sokoni bila kununua kitu. Aliuliza kazi ya kufua nguo kwenye nyumba tatu. Lakini mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia vita vijijini, na wengi wao walikubali kufua kwa sahani moja ya ugali. Hakuna aliyemhitaji.

Alianza kula mara moja kwa siku. Aliacha kwenda kwenye sala ya shirika, jumuiya ya majirani wa parokia, siku ya Alhamisi, kwa sababu pale kila mmoja alileta kitu kidogo kwa ajili ya wagonjwa, naye hakuwa na cha kuleta. Siku nyingi, maneno aliyoyasema tangu asubuhi mpaka jioni yalikuwa yale mawili tu: "Naenda kazi."

Jumamosi moja mwanamke mwenye kayé, daftari la kuandikia, mkononi alipiga hodi.

"Wavukire, mama. Miye naitwa Anne-Marie. Niko natumika ku bureau ya maendeleo ya parokia. Tunapita nyumba kwa nyumba. Tunauliza kila mutu: mbele ya vita ulikuwa unafanya kazi gani, na leo unafanya nini?"

"Niko nachagula kahawa," Godelive alisema.

"Hata leo?"

"Hata leo."

"Ku usine gani?"

"Ile ya chini kule."

Anne-Marie alimtazama. Kalamu ilibaki juu ya karatasi, haikuandika. Kisha alifunga kayé polepole.

"Aksanti, mama. Nitarudia siku ingine."

Godelive alifunga mlango, akasimama nyuma yake kwa muda mrefu. Alikuwa amezoea kuwadanganya majirani, lakini uongo huu ulimchoma, kwa kuwa yule mwanamke aliuliza kwa upole.

Wiki mbili baadaye homa ilimshika. Siku ya kwanza alitetemeka chini ya blanketi. Siku ya pili hakuweza kusimama kuchota maji. Alisikia watu wakipita nje. Alisikia sauti ya mtu ikiuliza, "Mama Jemima eko?" na sauti nyingine ikijibu, "Eko kazi. Anarudiaka jioni."

Alijaribu kuita. Sauti haikufika hata mlangoni. Majirani wote walijua kwamba mchana hayupo, kwa hiyo mlango uliofungwa haukumshangaza mtu. Alifikiri: nikifa hapa, watasema niko kazini.

Siku ya tatu, saa sita mchana, Anne-Marie alirudi. Mstari mmoja katika kayé yake ulikuwa bado mtupu, nao ulimsumbua. Jirani mmoja alimwambia kwamba mwenye nyumba yuko kazini.

"Ile kazi haiko," Anne-Marie alisema. "Ile usine balifunga tangu mwezi wa tatu."

Akasukuma mlango. Alimkuta Godelive kitandani, midomo imekauka, macho yameingia ndani. Alitoka nje mbio.

"Mutusaidie! Kuko mugonjwa hapa!"

Nyumba ya tatu kutoka pale mlango ulifunguka. Mama Keren alitoka, bila viatu. Yeye na Anne-Marie walimshika Godelive, huyu mkono huu na huyu mkono ule, wakampeleka kwenye zahanati ya mtaa. Muuguzi alimpima damu, akasema ni malaria, akampa dawa na maji ya chumvi na sukari. Alisema wangechelewa siku moja tu, mambo yangekuwa mengine.

Jioni Godelive alifumbua macho. Mama Keren alikuwa ameketi kando ya kitanda na kikombe cha uji.

"Weye, leo hukuenda kazi?" Godelive aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama Keren alitazama chini. Alikoroga uji, ingawa ulikuwa umekwisha kupoa.

"Mama Jemima, miye sina kazi. Usine yetu balifunga mwezi wa pili. Kila asubuhi nilikuwa nashuka na weye, halafu napita njia ya nyuma, narudia nyumbani. Najifungia ndani mpaka jioni."

Godelive alimshika mkono. Kisha machozi yalimtoka. Miezi minne wamesalimiana karibu kila asubuhi, kila mmoja na tablie yake, na kila mmoja akimwonea mwenzake wivu.

Wiki iliyofuata Anne-Marie aliwatembelea. Aliketi nao uani, akafungua kayé yake magotini.

"Bamama, sitasoma jina ya mutu. Nitawaambia hesabu tu. Ku mulima huu nilipita nyumba makumi tatu na mbili. Ndani ya nyumba kumi na tisa, kuko mutu mwenye alipoteza kazi tangu vita. Wachaguzi wa kahawa, beko saba."

"Saba?" Mama Keren aliuliza. "Ku mulima huu?"

"Saba. Na kila mumoja anafikiri ni yeye tu peke yake."

Godelive alitazama vidole vyake. "Lakini siye tulikosa nini? Mikono yetu ilikuwa ya mbiyo."

"Hamukukosa kitu. Musikie. Upande wa Beni kuko ugonjwa unakausha miti ya kahawa. Mukulima anaamuka, anakuta majani yamekufa. Anakata, anapanda kitu kingine. Kule Oicha kuna wenye wanapanda kakao. Donc kahawa inapunguka. Tena vita ilikata barabara, na malori hayapite. Kahawa ikikosa na lori ikikosa, usine inafunga. Ni sawa na mvua. Mvua ikinyesha ku mulima, hainyeshe juu ya nyumba yako tu."

"Kwa hiyo tukae tungoje?" Mama Keren aliuliza.

"Hapana. Kazi inakufa hapa, lakini mara ingine inazaliwa pale. Mutu mwenye kukaa ndani na kuona haya, hataisikia. Lazima kutembea na kuuliza: leo mu mji huu, nini inaongezeka? Nani eko na kazi mingi kuliko mikono?"

"Siye tunajua kahawa tu," Godelive alisema.

Anne-Marie alishika mkono wake, akaugeuza kiganja juu.

"Unajua kuona punje mubaya kati ya punje elfu. Kahawa ilikuwa ni mahali tu pa kuonyesha ile akili. Tafuta mahali pengine."

Baada ya hapo Godelive na Mama Keren walishuka mlima kila asubuhi bila tablie. Safari hii walikuwa wanatazama na kuuliza. Walipita kwenye tanuri za matofali. Walipita kwenye depo za magome ya kinkina, yanayotengenezwa dawa ya malaria. Kila mahali walijibiwa kwamba watu wametosha. Siku ya nne walifika kwenye depo ya Stanislas, mfanyabiashara wa maharagwe.

Mbele ya depo magunia yalikuwa yanapakiwa kwenye gari ndogo.

"Haya yanaenda wapi, baba?" Godelive aliuliza.

"Ku ndege," Stanislas alijibu. "Yanaenda kule machimboni. Zamani nilituma na lori. Leo barabara imekufa, donc ni ndege tu. Na ndege inalipisha kila kilo."

Godelive aliinama, akachota maharagwe kidogo kwenye gunia lililo wazi. Vidole vyake vilitembea vyenyewe. Alitoa jiwe, akatoa punje iliyooza, akatoa donge la udongo.

"Baba, hata hili jiwe unalilipia ndege?"

Stanislas alicheka kidogo. "Mama, sina kazi ya bamama hapa. Niko na wapakiaji, banatosha."

"Hatuombi kupakia. Utupatie gunia moja. Tutachagula hapa hapa mbele ya macho yako. Ukiona haina faida, tutaenda bila neno."

Aliwatazama, akainua mabega, akawapa gunia na turubai.

Waliketi chini. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu mikono ya Godelive kufanya kazi iliyoijua. Jua lilipofika juu walikuwa wamemaliza. Uchafu wote waliuweka kwenye karai, wakamwita mwenye mali. Stanislas mwenyewe aliupima kwenye mizani. Ulikuwa kilo tano na zaidi.

Alitazama lile karai. Aligeuka akahesabu magunia yaliyokuwa kwenye gari.

"Kumbe ninasafirisha mawe," alisema.

"Na kule machimboni banayanunua mawe yako kwa bei ya maharagi," Mama Keren alisema. "Kesho batanunua kwa mwingine."

Stanislas aliwaambia wapakiaji washushe magunia.

Waliajiriwa wawili, kisha Stanislas akataka mikono zaidi. Godelive alimwomba Anne-Marie awapeleke kwa wale wachaguzi wengine watano wa mlimani. Kwanza Anne-Marie aliuliza kila mmoja kama anakubali jina lake lijulikane. Wote walikubali. Anne-Marie aliwasaidia pia kuandika mapatano: watalipwa kwa kila gunia, siku gani, na nani anapima. Godelive hakujua kuandika sana, lakini alitia jina lake chini, herufi moja moja.

Mwezi wa tisa mapigano yalisogea, na ndege zikakaa wiki tatu bila kuja. Depo ilinyamaza. Safari hii hakuna aliyejifungia ndani. Waligawana njia, kila mmoja upande wake, wakauliza. Wawili walipata kazi ya kukausha na kuchagua magome ya kinkina. Wengine walilima kwa watu mpaka ndege zikarudi. Tangu hapo walikubaliana kwamba kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, hata kama kazi ni nyingi, mmoja wao atapita sokoni na kwenye madepo kuuliza ni nini kinaongezeka na ni nini kinapunguka.

Jioni Godelive bado alirudi kwenye nyumba yenye kikombe kimoja na kitanda kimoja. Jemima bado alikuwa Kayna, mwisho wa barabara ile mbaya. Kazi haikuondoa hilo. Lakini sasa, akichelewa kufungua dirisha asubuhi, mtu aligonga.

Alhamisi moja alirudi kwenye sala ya shirika. Alileta bakuli la maharagwe safi kwa ajili ya wagonjwa. Watu walijaa uani. Baada ya sala kiongozi aliuliza kama kuna mwenye tangazo. Godelive alisimama. Hakuwahi kusema mbele ya watu.

"Miezi mine nilikuwa bila kazi," alisema. "Nilidanganya kila mutu hapa. Nilitaka kufa na haya, na karibu nilikufa kweli. Haiko kosa yetu. Kazi ilihama. Leo kuko depo ya pili ya maharagi, inatafuta mikono sita. Kama kuko mwenye hana kazi, anyoshe mukono, kesho tushuke pamoja."

Hakuna aliyeinua mkono. Watu walitazama magoti yao. Kuku alipita katikati, na hakuna aliyemfukuza.

Kisha nyuma kabisa, karibu na ukuta, Ézéchiel, aliyekuwa dereva wa lori, aliinua mkono wake nusu, kama mtu anayetaka kujikuna sikio. Mke wake alimtazama kwa mshangao. Hakuushusha. Msichana mmoja aliinua wake. Kisha mwanamke mzee. Kisha mikono ilianza kuinuka mmoja baada ya mwingine, upande huu na upande ule, mpaka Godelive akashindwa kuihesabu.