Mwizi Aliyefagia

Nikisimulia kesi, hata polisi huacha kazi wakanisikiliza. Inspekta wa kesi hii alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nisogee, kwa kuwa nilikuwa nimemzibia mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa dereva wa lori. Asubuhi hiyo alirudi safari mapema kuliko alivyotarajiwa, akafungua kwa ufunguo wake, akaikuta sebule tupu. Makochi hayapo. Friji haipo. Televisheni, zulia, saa ya ukutani, vyote vimekwenda na maji. Hakungoja mtu, akakimbilia kituoni. Mkewe aliporudi kutoka sokoni, alikuta polisi ndani na mumewe akipiga hatua huku na huku kama kuku anayetaka kutaga.

"Tusikatiane kona, Afande," dereva alisema. Hilo lilikuwa neno lake la kila siku. "Vitu vyangu vipatikane kabla ya saa nane mchana."

"Kwa nini saa nane?"

"Aliyeibiwa hana subira."

Inspekta alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye tumbo lililomtangulia kufika eneo la tukio. Kitasa hakikuvunjwa. Madirisha yalikuwa na komeo zake. Alimwachia konstebo alama za vidole, yeye akachuchumaa kuangalia sakafu. Pale friji iliposimama palikuwa pamepanguswa, na tambara lililolowa limeanikwa dirishani. Mwizi alikuwa ameizima friji, akangoja barafu iyeyuke, akapiga deki. Kisha akafagia sebule nzima.

"Nimekamata wezi wa kila namna," alimwambia konstebo. "Wa kufagia ndiyo kwanza huyu."

Katikati ya sebule palikuwa na ndoo. Inspekta akatazama dari juu yake. Haikuwa na hata doa. Akamwita mke wa dereva.

"Ndoo hii ya nini, mama?"

"Paa linavuja, Afande."

"Mbona dari ni kavu?"

"Mvua haijanyesha."

Inspekta alimeza kicheko chake kama kidonge. Akamgeukia binti yao, aliyesimama kando akitafuna ukucha, akamuuliza siku hizi anafanya nini. Binti akasema ameshatuma maombi ya chuo cha uuguzi, kilichobaki ni kusubiri tu. Alipoulizwa anasubiri nini hasa, mama yake akakohoa, na yeye akafunga mdomo. Kikohozi kile Inspekta alikiweka akiba.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa mshonaji. Alisema hakuona mtu wala kusikia kishindo, maana cherehani yake ina kelele. Chumba chake kilijaa mlima wa vitambaa hadi karibu na dari, akaapa vyote ni vya wateja. Kwa ukarimu, au kwa woga, alimletea Inspekta glasi ya maji. Inspekta akanywa, meno yakamuuma.

"Una friji, mama?"

"Nitoe wapi? Hayo ni ya mtungi."

Inspekta aliinua glasi, akaitikisa ikalia. "Mtungi wako unagandisha barafu?"

Mshonaji akaitazama barafu kama mtu aliyesalitiwa na ndugu yake. Hakubisha tena. Alisema tu kwamba siri si yake, ni ya shoga yake, aitwe aiseme mwenyewe.

Mke wa dereva akaja, akaingiza mkono chini ya vitambaa bila kupapasa, akavivuta pembeni, akakaa juu ya kochi lake.

"Mimi ndiye mwizi, Afande. Kama kuiba vya kwako ni kuiba."

Akaeleza yote. Binti ametuma maombi ya chuo, ila ada hawaiwezi, na mwaka jana tayari aliupoteza nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Asiposaidiwa safari hii, basi tena. Baba yake alipiga marufuku kuomba, akasema nyumba yake si ya ombaomba. Ndipo mama na binti wakaomba msaada kimyakimya, na chuo kikajibu kwamba afisa atakuja kuiona nyumba yao. Leo, saa nane.

"Nikasema akikuta friji ataona hawa wameshiba. Ndoo nayo ni chumvi tu niliyoongeza."

"Kumdanganya afisa ni kosa, mama," Inspekta alisema. "Bahati yako hajafika. Kosa bado liko jikoni, halijapakuliwa. Rudisha vitu."

Wakabeba. Konstebo alibeba friji, uso ukiwa umenuna. Dereva alipoambiwa ukweli alimfokea mkewe kwa sauti ya chini, kwa sababu ya majirani.

"Umenivua nguo, mke wangu. Mimi sijamwomba mtu maishani. Hiyo ofisi ya misaada hata siijui."

Inspekta alisikia, akaikumbuka saa nane. Kesi yake ilikuwa imekwisha, lakini hakuondoka. Alisema anamalizia maji.

Afisa wa misaada akafika, mwanamke mwenye miwani na haraka zake. Alikaa kwenye kochi, akazungumza na binti, akachungulia vyumba. Akasema amefarijika kukuta nyumba inayoishi watu. Wapo wanaokodi chumba kitupu ili waonekane maskini, na hao maombi yao huyatupa palepale. Mke wa dereva akaisukuma ndoo kwa kisigino mpaka nyuma ya kochi.

Dereva akashindwa kuvumilia. "Tusikatiane kona, mama. Mtoto wangu atasaidiwa au hatasaidiwa?"

Afisa akainua kichwa. Uso wake ukachanua.

"Atasaidiwa, mjomba!" alisema. "Kumbe ndiye wewe? Mwezi mzima unanipigia simu kumwombea huyu mpwa wako. Tena nilipokwambia nyumba isiwe tupu, si uliahidi utarudi safari mapema uhakikishe?"

Inspekta akaweka glasi chini, polepole, asije akaharibu.

"Mjomba gani?" mke wa dereva aliuliza. "Mimi sina kaka."

Dereva akatazama dari, kana kwamba sasa ndipo inaanza kuvuja.