Mto wa Kwenda kwa Daktari

Asubuhi jua lilipopenya dirisha la jikoni, mvuke wa chai uligeuka rangi. Kwanza dhahabu, kisha waridi, kisha ukapotea. Mawingu alisimama akiutazama, mwiko mkononi. Chai ikafura na kumwagikia moto.

"Mawingu!" bibi yake aliita kutoka sebuleni. "Nasikia moto unalia. Umeshaondoka tena?"

"Nipo, Bibi."

"Mwili upo. Akili nayo irudishe, tunywe chai."

Hakuna aliyemwita msichana huyo kwa jina lake la shuleni. Tangu utotoni alikuwa Mawingu, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea sanaa na usanifu. Aliishi na bibi yake, ambaye macho yake yalianza kuingia ukungu. Bibi aliona dunia kama mtu anayechungulia kupitia kioo chenye mvuke.

Kazi ya mwisho ya chuo ilikuwa hii: kubuni alama za kuwaongoza wagonjwa ndani ya kliniki ya macho, ile ile alikotibiwa Bibi. Korido zake ni ndefu, kona ni nyingi, na wagonjwa hupotea. Muuguzi mkuu akiikubali kazi, Mawingu atahitimu. Akiikataa, atarudia mwaka mzima. Zilibaki siku kumi na mbili.

Mawingu hakuwa na wasiwasi hata chembe, kwa sababu alikuwa ameota mto. Katika ndoto, mto wa bluu ulipita kimya ndani ya kliniki, na watu wakaufuata bila kuuliza njia. Aliuchora siku tatu mfululizo, ukipita juu ya kuta, karibu na dari. Mistari ilikuwa myembamba kama uzi, na bluu yake ilikuwa hafifu, karibu nyeupe. Ilikuwa michoro mizuri kweli, tusimnyime haki yake.

Akampelekea muuguzi mkuu nakala pamoja na barua. Barua ilisema: "Kazi yangu ni mazungumzo kati ya ukimya na maji. Inachunguza safari ya nafsi ndani ya nafasi."

Jibu lilikuja kesho yake. "Binti, nimesoma mara mbili. Sijaelewa unataka tufanye nini. Na michoro haionekani vizuri."

"Huyu mama haelewi sanaa," Mawingu alinung'unika. Akaibandika michoro yote kwenye ukuta wa sebule ili ajiliwaze.

Bibi alipita akipapasa ukuta kama kawaida yake. Akasimama. Akasogeza uso karibu kabisa.

"Mjukuu wangu," alisema kwa upole, "mbona umebandika karatasi tupu?"

Mawingu akaitazama michoro yake upya. Machozi yakamlengalenga. Bibi, ambaye hakujua amesema nini, akamtuma kwa jirani akachukue gauni lake lililokuwa linapunguzwa urefu.

Jirani huyo alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Mama Futi, maana futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akienda sokoni. Mawingu alimkuta na mteja. Ajabu ni kwamba hakuwa akimpima akiwa amesimama tu. "Kaa," alimwambia. "Inama, kama unamwinua mtoto. Haya, nyosha mkono, kama unafikia kabati." Kila mara alipima tena na kuandika kwenye daftari. Kisha akakata gazeti kuukuu kwa vipimo hivyo, akamwekea mteja mwilini kwa pini. Kitambaa chenyewe hakukigusa.

Mteja alipoondoka, Mama Futi akamtazama Mawingu. "Una nini, mwanangu? Uso umekushuka."

"Shikamoo, Mama. Nimeharibu kazi yangu ya chuo."

"Marahaba. Kaa hapo unieleze."

Mawingu akaeleza yote, hadi karatasi tupu. Mama Futi akauliza, "Kabla ya kuchora, ulienda kliniki ukakaa ukawaangalia watu?"

"Nilimpeleka Bibi mwaka jana."

"Ukaangalia nini?"

"Dari. Ina madoa yanayofanana na visiwa."

Mama Futi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Mimi sishonei sanamu, nashonea watu. Watu wanakaa, wanainama. Nenda kaombe ruhusa, ukae uwatazame. Andika unachokiona, hata kisichokufurahisha. Na ukiwauliza, usiwaulize wanataka nini, wengi hawajui. Waulize kinachowabana. Ukirudi, kata gazeti kwanza, ulijaribishe kwa mtu."

"Na barua?"

"Mteja simwambii mshono wangu unazungumza na upepo! Namwambia, mkono nimeulegeza, sasa utamwinua mtoto bila kubanwa. Mwambie muuguzi wewe ni nani, umeona nini, unaomba nini na lini. Basi."

Kesho yake Mawingu aliomba ruhusa, akakaa kwenye benchi la korido ya kliniki kwa siku mbili. Siku ya kwanza akili ilimtoroka kidogo, akairudisha. Aliandika. Watu thelathini walipita kwenye kona ya pili, na kumi na tisa walisimama pale wasijue pa kwenda. Hakuna hata mmoja aliyetazama juu, kwenye vibao. Walitazama chini, karibu na miguu yao, na mkono mmoja ukashika ukuta.

"Kinachokubana ni nini hapa, mzee wangu?" alimuuliza baba mmoja mwenye kofia.

"Kuuliza," alijibu yule baba. "Kila kona niulize, kama mtoto. Naona aibu, binti."

Mawingu aliandika neno hilo, kuuliza, akalipigia mstari. Mto wake ulikuwa sahihi, aliwaza, ila aliupitisha juu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama.

Nyumbani alipaka magazeti bluu nzito, akayatandaza katikati ya sebule. "Bibi, fuata mto."

Bibi akaja hadi ukingoni, akapandisha gauni, akagoma. "Sivuki! Nani amechimba shimo ndani ya nyumba?"

Zamani Mawingu angenuna. Safari hii alichukua daftari akaandika: *Rangi nzito katikati ya njia huonekana shimo.* Akayasogeza magazeti hadi pembeni, yakafuata ukuta, na sakafu nyeupe ikabaki wazi. Akabandika mstari mwingine ukutani, usawa wa kiganja cha Bibi. Bibi akatembea kando ya mto hadi mlango wa jikoni. Akarudi. Akaenda tena, safari hii akiimba.

Barua ya pili ilikuwa fupi. "Mimi ni mwanafunzi wa usanifu. Nilikaa kwenye korido yenu siku mbili. Kati ya watu thelathini, kumi na tisa walipotea kwenye kona ya pili, kwa sababu hutazama chini, si juu. Naomba nafasi ya robo saa, Jumatano, nikuonyeshe njia ya kuwasaidia. Nimeijaribu na bibi yangu, mwenye ukungu wa macho."

Jibu lilikuja siku ile ile. "Njoo na bibi yako."

Jumatano, Mawingu alifika mapema akabandika karatasi zake, toka mlango mkuu hadi chumba cha daktari. Muuguzi mkuu alisimama na mwalimu wa chuo. Maneno mengi mazuri yalimjia Mawingu, akayaacha yapite. Akataja alichokiona, akataja kosa lake la kwanza na la pili, kisha akaenda mlangoni alikokuwa Bibi.

Bibi akamshika mkono kama siku zote. Mwanga wa asubuhi ulimwagika sakafuni, na kando yake ule mstari wa bluu ukajipinda taratibu na kupotea kwenye kona, kama alivyouota.

"Mto huu unakwenda wapi?" Bibi aliuliza.

"Kwa daktari, Bibi."

Bibi akauachia mkono wake.

"Basi tangulieni," alisema. "Nitawakuta huko."