Mtu Aliyetafutwa Kiambere

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Gatwiri alikuwa na kazi tatu. Alimpelekea nyanya yake chai, aliwafungulia mbuzi, kisha alimvalisha nduguye Mutugi, mwenye umri wa miaka minne. Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyomtoa jasho, maana Mutugi alikuwa mtoto wa kupigana hata na soksi. Lakini tangu mwezi wa tano uanze, Mutugi aliacha kupigana. Alisimama tu, akainua mikono avalishwe, huku akikohoa. Kaptura iliyokuwa ikimbana kiunoni sasa ilifungwa kwa kamba.

"Angeline, huyu mtoto anaisha tukimtazama," nyanya alimwambia mama yao siku moja. "Dawa ya kikohozi ya dukani tumenunua chupa tatu, na kikohozi kiko palepale. Mpeleke hospitali."

Mama akampeleka Meru mjini. Walimpima uzani, wakampiga picha ya kifua, na jioni mama akarudi nyumbani Ruiri na mfuko wa dawa pamoja na jina la ugonjwa. Mutugi alikuwa na kifua kikuu. Dawa zilitolewa bila malipo, na daktari alisema mtoto akizinywa zote bila kuruka hata siku moja, atapona kabisa. Hata hivyo, mama aliketi kwenye kigoda jikoni akalia.

Siku mbili baadaye Wanja alipiga hodi. Wanja alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na mkoba wake wa buluu ulijulikana kila boma. Hakuwa daktari, lakini pale Ruiri ukibeba kipimo cha presha wewe ni daktari tu, utake usitake.

"Mama Gatwiri, sijaja kukutisha," alisema akifungua daftari. "Mtoto mdogo namna hii hapati kifua kikuu kwa kucheza na mbuzi. Kuna mtu mzima aliyekohoa karibu naye kwa muda mrefu. Lazima tumpate huyo mtu, kwanza kwa ajili ya afya yake mwenyewe, halafu kwa ajili ya wale wanaokaa naye."

Mama, nyanya na Gatwiri wote wakapimwa. Wiki ile ile Wanja alirudi na majibu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ugonjwa huo.

"Sasa nani mwingine alilala nyumba hii tangu mwaka uanze?" Wanja akauliza. "Baba yao je?"

Nyanya alianza kuchochea moto ambao ulikuwa ukiwaka vizuri.

"Baba Gatwiri yuko Kiambere," mama alisema hatimaye. "Anavua samaki kule bwawani."

"Alipoondoka alikuwa akikohoa?"

"Sikumbuki."

Wanja akaandika: Mugendi, mvuvi, Kiambere. "Basi nina mwenzangu kule, anaitwa Njagi," alisema. "Nitampigia simu amtafute."

Gatwiri alitazama sakafu. Baba hakuwa Kiambere. Hakuwahi kufika Kiambere maishani mwake, na samaki aliwajua wakiwa tayari sahanini. Baba alikuwa rumande. Alikuwa kibarua wa kupakia mizigo kwenye lori, na mwezi wa pili lori hilo lilisimamishwa na polisi likiwa na ng'ombe walioibwa. Dereva na vibarua wote walikamatwa. Tangu siku hiyo baba alikuwa gerezani akingoja kesi yake isikizwe.

Habari ya Kiambere ilikuwa ya mama. "Mtu akiuliza, sema hivyo," aliwaambia. Mama alikuwa katibu wa kikundi cha akina mama kanisani, na aliona aibu kupita kiasi. Ila ni Gatwiri aliyeipamba habari ile. Rafiki yake Kawira alipenda kuuliza maswali, na kila swali lilihitaji uongo mwingine wa kulijibu. Kufikia mwezi wa nne, baba wa Gatwiri alikuwa na mashua mbili na wafanyakazi watano.

Siku nne zilipita. Siku ya tano Wanja alikuja akiwa amechoka usoni.

"Mama Gatwiri, huyu mzee umemficha wapi?" alitania. Mama hakucheka. "Njagi amezunguka kambi tatu za wavuvi kwa siku mbili, na jua la Kiambere unalijua. Hakuna anayemfahamu Mugendi. Hebu nipe nambari yake ya simu."

"Simu yake iliharibika."

"Basi tutazidi kumtafuta." Wanja aliketi, akavua kiatu kimoja, akausugua mguu. "Sitaki kunyamaza, kwa sababu mtu akiwa na ugonjwa huu na hajui, anauacha hewani kila akikohoa. Akiwa nje penye upepo, afadhali. Akilala na watu wengi chumba kimoja chenye dirisha dogo, anawagawia. Naye mwenyewe anazidi kudhoofika hadi siku moja anashindwa kuinuka."

Gatwiri alimkumbuka baba. Mwezi uliopita mama alimpeleka kumwona baba. Baba alisimama upande wa pili wa wavu, shati likimwelea, akakohoa mpaka akashika ukuta. "Ni vumbi tu," alisema. Kisha akajaribu kuwachekesha. Aliwaambia wanalala watu hamsini chumba kimoja, hivi kwamba mmoja akigeuka, lazima wote wageuke.

Jioni hiyo Gatwiri alimfuata mama kwenye zizi la mbuzi.

"Mama, tumwambie Wanja ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba baba yuko rumande. Ni yeye aliyekuwa akikohoa. Hata mwezi wa kwanza alikuwa akikohoa, na Mutugi alikuwa akilala naye kitanda kimoja."

Mama aliweka ndoo chini. "Gatwiri, unajua watu walivyo. Leo unamwambia mmoja, kesho unasikia sokoni. Nani atanunua maziwa yangu? Na wewe shuleni utaitwaje? Na baba yako wakijua anaumwa, watamfungia peke yake gizani. Usiniletee taabu nyingine. Hizi nilizo nazo zinanitosha."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Gatwiri zaidi. Mama alikuwa na hofu. Gatwiri alimpenda mama yake, na hakuwahi kumkaidi katika jambo kubwa. Alikwenda kulala, lakini usingizi ulimpaa. Alimfikiria baba akishika ukuta. Alimfikiria pia yule Njagi asiyemjua, akitembea juani kambi hadi kambi, akimtafuta mtu ambaye hayuko.

Asubuhi alitoka mapema. Badala ya kushika njia ya shule, alipanda hadi kwa Wanja, akamkuta akipalilia maharagwe.

"Shikamoo," Gatwiri alisema, na sauti ikakatika hapo. Akaanza upya. "Mwambie Njagi aache kumtafuta baba. Baba hayuko Kiambere. Yuko gerezani, rumande, na anakohoa sana. Wanalala watu hamsini."

Wanja aliweka jembe chini. Gatwiri alingoja kukemewa kwa ajili ya zile siku mbili za jua. Wanja alikuja tu, akampangusa machozi kwa mkono uliojaa udongo, akamwacha na baka shavuni.

"Mama anajua umekuja?"

"Hapana. Alinikataza."

"Umefanya vyema kunieleza. Mama yako nitazungumza naye mwenyewe, na sokoni hawatasikia neno kutoka kwangu. Fomu yangu inauliza mgonjwa yuko wapi. Haiulizi alifanya nini." Alikuwa tayari ameshatoa simu. "Gerezani kuna kliniki, na ina muuguzi. Leo hii atapata habari. Sasa nenda shule, umechelewa, na unawe uso."

Mchana Wanja alikwenda kumwona mama. Gatwiri aliporudi kutoka shule, mama alikuwa jikoni. Alimpa chakula, akageuka. Ni nyanya aliyeanza kusema.

"Angeline, kama ni kukasirika, nikasirikie mimi," alisema. "Mugendi ni mwanangu. Mimi nilikisikia kile kikohozi chake kupitia ukuta kila siku, nikajua si cha kawaida, nikanyamaza kwa sababu niliona haya. Huyu mtoto ametushinda sisi watu wazima wawili."

Mama aliurudisha mwiko chunguni. Kisha alimvuta Gatwiri kifuani, akamkumbatia kwa nguvu kiasi kwamba Gatwiri alipata shida ya kupumua.

Majibu yalikuja haraka. Makohozi ya baba yalipimwa, na ugonjwa ulikuwemo. Alianza dawa siku hiyohiyo. Lakini hawakuruhusiwa kumwona mpaka mwezi mmoja upite, na mwezi huo ulikuwa mrefu. Mutugi alianza kunenepa, akarudia fujo zake. Gatwiri alipewa vidonge vya kumkinga. Usiku mmoja aliuliza kama baba angemkasirikia, na mama alisema hajui.

Jumamosi ya kumwona ilipofika, hawakupelekwa kwenye wavu. Waliketi kwenye benchi uani, nje ya kliniki ya gereza, mahali penye upepo. Muuguzi alikuwa askari mnene wa makamo, amevaa koti jeupe juu ya sare, na kila mtu alimwita Afande Gachoki. Baba alitoka akiwa amefunika mdomo kwa barakoa. Alikuwa bado mwembamba, lakini alitembea wima.

Baada ya salamu alisita, kisha akauliza, "Ni nani aliyeleta habari zangu huku kliniki?"

Mama alifungua kinywa, lakini Gatwiri akamtangulia. "Ni mimi, baba."

Baba alimtazama. Gatwiri alishika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili.

"Kabla hujamjibu mtoto, Mugendi," Afande Gachoki akaingilia, "mwambie na wewe ulichoniambia siku ulipoingia hapa."

Baba aliinamisha kichwa. "Aliniuliza kama nakohoa. Kila anayeingia huulizwa. Nikasema ni vumbi la lori. Niliona wanaokohoa wakipelekwa chumba cha pembeni, nikadhani ni adhabu. Kumbe ni chumba chenye madirisha makubwa tu, na uji wa ziada." Sauti yake ilikuwa nzito. "Nimelala chumba kimoja na watu karibu miezi mitatu nikiwakoholea. Na nyumbani nilimwambukiza mwanangu. Hilo naliona kila nikifumba macho."

"Baada ya simu ya Wanja tulipima chumba chote," Afande Gachoki aliwaeleza. "Watu hamsini na wawili. Wanne tuliwakuta na ugonjwa, mbali na huyu. Mmoja wao anaachiliwa wiki ijayo, anarudi kwao Embu. Kadi yake tumeshaituma kwenye kituo cha afya cha kwao, ili aendelee na dawa bila kuruka siku."

Alimgeukia Gatwiri, akaketi kabisa kwenye benchi, kama mtu asiye na haraka.

"Watu hudhani ukuta huu unazuia ugonjwa, binti yangu. Mimi huvuka lango lile kila jioni na kurudi kwa watoto wangu. Hawa huenda kortini, hutembelewa, hutoka. Nchi yetu iliposema inataka kukimaliza kifua kikuu, haikusema kila mahali isipokuwa gerezani. Baba yako ana haki ya dawa ileile anayokunywa ndugu yako, hata kama kesi yake haijaisha, na hata kama angeshindwa kesi. Lakini mimi siwezi kumtibu mtu aliyefichwa. Aliyefungwa ninaweza, aliyefichwa siwezi. Ukiona ugonjwa, usiufunike kwa sababu ya aibu. Aibu hupita, na mtu akipotea hapatikani tena. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande."

Mama naye aliitikia kwa kichwa, ingawa hakuulizwa.

Baba alikuwa bado hajamjibu Gatwiri. Aliinuka, akampungia mkono kijana mmoja aliyekuwa akiota jua upande wa pili wa ua, naye pia amevaa barakoa. "Njura, njoo," aliita. Kijana, yule wa Embu, alikuja polepole, akasimama mbali kidogo kama walivyofundishwa.

"Huyu ndiye binti yangu," baba akamwambia. "Ndiye aliyesema."

Njura alimtazama Gatwiri.

"Wangu anaitwa Wamuyu," alisema. "Ana miezi mitatu. Alizaliwa nikiwa humu, sijambeba hata mara moja. Wiki ijayo ningefika nyumbani nimchukue hivi, nimweke hapa." Alionyesha kifua chake, mkono ukabaki palepale.

"Utambeba," Afande Gachoki akasema. "Dawa umeanza, na nikipima tena nikakuta uko salama, utambeba mpaka uchoke."