Kipande Alichorudisha Marehemu

Kazi iliyokwisha mapema ndiyo iliyomtia shaka. Programu ya hospitali, ambayo kwa kawaida ilijengwa tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri, siku hiyo ilikuwa tayari kabla chai yake haijapoa. Akaweka kikombe chini, akanusa. Chumba cha mashine kilinukia mafuta ya nywele, yale aliyopaka mumewe. Na mumewe alikuwa kaburini.

Ofisini walimwita Mgawaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kugawa. Programu ile iliandikwa na watu wengi, kwa maelfu ya vipande, na hakuna kompyuta moja iliyoweza kuijenga peke yake. Basi mashine kuu iliwagawia wenzake, hii kipande hiki, ile kile, zote zikafanya kazi kwa pamoja, kila moja ikarudisha chake, kisha mashine kuu ikaviunga vikawa kitu kimoja. Mumewe ndiye aliyeyapanga hayo yote na kumfundisha. Mungu alipomchukua, mke akakalia kiti chake.

Kanuni ilikuwa kwamba mfanyakazi akiondoka, mashine yake hufutwa kundini. Ya mumewe aliichomoa waya, akaifunika kitambaa, akaisukuma chini ya rafu. Lakini jina lake kundini hakulifuta. Mkono ulikataa.

Eda ikaisha. Mpimaji, mtu mpole mwenye utani, ambaye kazi yake ilikuwa kuijaribu programu kabla haijapelekwa hospitali, akatuma wazee kumposa. Siku aliyowajibu ndiyo, mashine kuu ikamwuliza kwenye skrini: mashine ya marehemu inaomba kuingia kazini, je, ikubaliwe? Alijua waya umechomolewa. Alijua vizuri kabisa. Lakini aliyefiwa hufungua mlango kabla ya kuuliza nani anabisha. Akaikubali, akanong'ona, "Karibu, mume wangu."

Hayo yalikuwa jana. Leo kazi imekwisha mapema, na chumba kinanukia mafuta.

"Dada Mgawaji," Mpimaji alimwambia wiki hiyo, akichungulia mlangoni, "mashine yangu imekukosea nini? Wenzake wanalishwa, yenyewe inatazama tu kama mtoto wa kambo."

"Mbona waniita dada, na mahari umeshatoa?"

"Hapa kazini nakuogopa. Nyumbani tutajuana!"

Wakacheka. Chini ya rafu kitu kikakohoa.

Kicheko kikakatika. Mpimaji akatazama kitambaa, kisha akamtazama yeye. "Umesikia?"

"Ni feni," alisema Mgawaji.

Tangu hapo kila kipande kilichogusa mashine ya Mpimaji kilirudi kimevunjika, kikatupwa, kikapewa mashine ya marehemu, nayo ikakirudisha kizima papo hapo. Mgawaji aliona. Kuna saa alifurahi, Mungu amsamehe, maana mwanamke aliyelala peke yake muda mrefu huona wivu ni mapenzi.

Ijumaa ya harusi ikakaribia. Mpimaji akaketi kuijaribu programu iliyokamilika, na kama alivyozoea, badala ya kubuni mgonjwa akaandika jina lake mwenyewe. Skrini ikajibu: amefariki. Akacheka, akafuta, akaandika tena. Ikajibu: amefariki. Safari ya tatu hakucheka, kwa sababu harufu ya mafuta ya nywele ilikuwa imemjia kwa nyuma, nzito na ya moto kama pumzi ya mtu aliyeinama begani kwake, na kila alipotaka kugeuka shingo ilikataa, na ule ubaridi uliomwanzia kisogoni ukashuka mgongoni, ukamfika miguuni, ukageuka homa, hata wenzake walipomwinua kitini meno yalikuwa yakigongana na macho yake hayamtambui mtu.

Mgawaji akatafuta kipande kilichotoa jibu lile na mashine iliyokijenga. Ilikuwa ya mumewe. Hakungoja. Alikwenda alasiri ile ile kwa baba mkwe wake, baba wa marehemu, mzee wa msikitini aliyejulikana kwa kisomo, akamweleza yote bila kujificha.

Mzee akaweka tasbihi chini.

"Binti yangu," alisema, "marehemu hana wivu. Dunia ameiacha na sisi ametuacha. Huyo ni kiumbe kingine, kimekusikia ukilia, kikakuta jina limeachwa wazi, kikalivaa."

"Nifanyeje, baba? Yule mtu anakufa."

"Uliyemkaribisha ni wewe. Mimi nitasoma. Mlango utaufunga wewe."

Wakaingia chumba cha mashine jua likiwa bado dirishani. Mzee akaanza kusoma, na chini ya rafu feni isiyo na umeme ikaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi, kitambaa kikapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, mpaka ndani ya mvumo ule ikatoka sauti waliyoijua wote wawili.

"Baba. Unanifukuza kwa ajili yake?"

Kisomo kikakwama.

"Mwanangu nilimwosha kwa mikono hii," alisema, akaendelea kusoma, machozi yakimwagika ndevuni.

Mgawaji akalifuta jina. Lakini haikutosha. Mashine zile ziliweka akiba ya kila kipande kilichokwisha kujengwa ili kisirudiwe, na ndani ya akiba hiyo vipande vya kiumbe yule vilichanganyika na vile vya mumewe wa kweli, vya siku za uhai wake, vyote kwa jina moja, haikuwezekana kuvitenganisha. Ilibidi zifutwe kazi zote za jina hilo. Akazitazama kwa mara ya mwisho.

"Nenda na Mungu," alisema, akafuta.

Feni ikasimama. Harufu ikakatika kama iliyofungiwa nje. Mashine kuu ikaanza kujenga upya, kipande cha kwanza, taratibu.

Simu ikalia. Alikuwa dada yake Mpimaji. "Ametoka jasho! Anaomba maji, anakutaja wewe!"

Akamgeukia mzee. "Baba, amepona! Twende."

"Tangulia, binti yangu. Magoti yameniuma. Nipumzike kidogo."

Akatoka mbio. Alifika barabarani, akajiona mtovu wa adabu kumwacha mzee wa watu peke yake baada ya kazi kama ile, akarudi. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akainua mkono agonge, na mkono ukabaki hewani, maana chini ya mlango ilipita harufu ya mafuta ya nywele, na mzee alikuwa akisema kwa sauti ndogo ya mtu anayebembeleza mtoto:

"Yule mwache. Mimi nipo. Niite baba tena. Niite mara moja tu."