Mstari Usio na Jina

Mwalimu Moffat alinipigia simu Jumanne, saa kumi jioni. Alitaka nipande kwake kabla giza halijaingia, nimweleze vitu vilivyo ndani ya kompyuta yake.

"Imeharibika?" nikauliza.

"Haijaharibika, fundi. Kuna kitu moja tu sielewi."

Ninatengeneza kompyuta hapa Othaya mjini. Naishi peke yangu katika chumba cha nyuma ya duka, na siku ile hakuna mteja aliyekuwa ameingia tangu asubuhi. Nikafunga, nikapanda kwa miguu kati ya mashamba ya chai. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka njiani. Sikukutana na mtu.

Mwalimu alikuwa amefundisha fizikia miaka thelathini. Mkewe, Nyawira, alizikwa mwezi wa nne, na binti yao wa pekee, Ngendo, anafanya kazi Nanyuki. Nilimkuta sebuleni mbele ya kompyuta, amevaa koti zito. Alikuwa amefungua programu ya kutambua vifaa, ile inayoorodhesha kila kitu kilichopachikwa kwenye madabodi, yaani ubao wa ndani unaobeba vyuma vyote vya kompyuta. Orodha nzima alikuwa ameinakili daftarini kwa mkono. Kurasa nne.

"Nilitaka kujua kila kimoja ni nini," akasema. "Jioni ni ndefu hapa."

Tukapitia pamoja. Kile cha sauti. Kile cha mtandao. Kile kinachotawala kasi ya feni. Kile kinachoendelea kuhesabu saa hata umeme ukipotea. Kila nilipoeleza, alipiga tiki kwa penseli na kutikisa kichwa, kama mwanafunzi mzuri.

Ukabaki mstari wa mwisho. Haukuwa na jina la kampuni wala namba. Programu ilikuwa imeandika tu: kipima joto, hakijulikani. Mbele yake, nyuzi 36.8.

"Hiki hakijaunganishwa na chochote," nikamwambia. "Chipu huwa na miguu ya ziada. Programu ikisoma mguu mtupu, inaleta namba ya uongo."

"Namba ya uongo hurukaruka," akasema polepole. "Hii hairuki. Asubuhi haiko. Inakuja saa kumi na mbili, ile saa mama Ngendo alikuwa anarudi kutoka kupima majani chai. Halafu inakaa na mimi mpaka nilale."

Nikaitazama tena ile namba: 36.8, joto la mwili wa mtu.

Hapo ndipo nilipoisikia ile harufu. Majani mabichi ya chai, yenye maji, kama kikapu kimetuliwa mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Wacha nikupikie chai," akasema Mwalimu, akatoka kwenda jikoni, kibanda kilicho ng'ambo ya uwanja.

Nikabaki na orodha. Feni ilizunguka. Mabati yalialika kwa baridi...

Kisha mstari mwingine ukaongezeka.

Kipima joto, hakijulikani. 36.5.

Nikajiambia miguu mitupu ni mingi. Nikaendelea kutazama.

35.

33.

Ikatulia kidogo. Halafu 29.

"Mwalimu?" nikaita, si kwa nguvu. Kimya. Nikadhani anapuliza moto. Ningeinuka wakati ule... Sikuinuka. Nilikuwa natafuta habari za ile chipu kwenye simu yangu, maana nilitaka akirudi nimpe jibu la uhakika.

21.

16.

Ikasimama kwenye 14. Ndilo lilikuwa joto la chumba.

Nikatupa simu, nikakimbia.

Alikuwa amelala kando ya meko, uso umegeukia moto. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Hospitali walisema ni moyo. Nilimuuliza daktari inawezekanaje mtu aliyelala kando ya moto apoe hivyo kwa dakika kumi. Akanitazama kwa huruma, akasema huenda nilipoteza hesabu ya muda. Huenda. Lakini maziwa aliyoyateleka mekoni yalikuwa bado hayajachemka hata kumwagika.

Baada ya mazishi Ngendo alibaki kupanga vitu vya nyumba. Siku ya tatu, jioni, akanipigia.

"Anti Wakonyo, nimewasha kompyuta ya baba. Kuna vitu mbili hapa hazina jina. Zote ziko thelathini na sita nukta nane. Ni nini?"

Sitaficha, niliona faraja. Niliona na wivu kidogo.

"Ni vipima joto tu," nikasema. "Wacha hivyo."

"Sawa." Akavuta pumzi. "Nyumba imekuwa baridi, ati mpaka naona pumzi yangu. Ngoja... imeongezeka ya tatu."

"Inasoma ngapi?"

"Thelathini na sita nukta tano. Inashuka."

"Ngendo, toka nje."

"Lakini anti..."

"Acha kila kitu. Nenda kwa jirani. Usikate simu."

Nilisikia kiti kikianguka. Nikasikia kitasa, kisha nyayo zake kwenye majani na pumzi zikikatika. Na nyuma yake, mbali, ndani ya nyumba ile tupu, mtu akamwita kwa jina. Kwa upole. Kama mzazi anayeita mtoto wakati chakula kiko tayari.

Ngendo yuko hai. Alirudi Nanyuki kesho yake asubuhi, na nyumba imefungwa mpaka leo. Mwezi uliopita alinipigia jioni. Tukaongea kuhusu kazi yake, kuhusu mvua. Mwishoni akaniuliza kama siku ile nilisikia kitu kwenye simu.

Nikamwambia sikusikia.

"Mimi nilisikia," akanong'ona. "Anti, nilitaka kurudi."