Kimtumbwi Kilichonyonya Pumzi

Jumatatu asubuhi Selina Haworth alitia kimtumbwi mdomoni akakuta kina mate ya mtu. Mate ya moto, mabichi, yenye ladha ya chai iliyolala. Na kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu Jumamosi mchana.

Kama hujawahi kufuma kwa mtambo wa mvuke, tulia nikufundishe, na usijifanye unajua. Kimtumbwi ni kile kijiti chenye ncha mbili kinachokimbiza uzi kulia na kushoto. Uzi ukiisha unatia mwingine, unabandika midomo kwenye tundu, unanyonya, fyu, uzi unakutokea ulimini. Burnley nzima, mji wa viwanda vya nguo kule Uingereza, inafuma hivyo, mamia ya mara kwa siku, maana injini haina subira. Inataka kuvika dunia, na wewe una midomo.

Selina alitema, akafuta, akanyonya tena. Safari hii kimtumbwi nacho kikamnyonya.

Kilimvuta pumzi polepole, kama mtu anavyovuta uzi asitake ukatike. Jumatano, yeye aliyekuwa akitikisa madirisha ya kanisa kwa sauti, alifungua kinywa kwenye kwaya ukatoka mluzi. Keturah, aliyeshika mitambo hiyohiyo kabla yake, alianza hivyo. Wiki tatu tu, wakamzika.

Ndani ya banda kelele ni za kuua masikio, kwa hiyo wafumaji husemezana kwa midomo bila sauti. Alice Tattersall, wa mitambo ya pili, akamuuliza, "Shoga, mbona umepauka?" Selina alitaka kumjibu, lakini nyuma ya Alice, katikati ya mikanda iliyokuwa ikichapa na vumbi la pamba lililokuwa likielea kwenye mwanga wa taa za gesi, huku harufu ya mafuta ya mashine ikigeuka ghafla kuwa harufu ya kinywa cha mgonjwa, aliona uso wa Keturah, mweupe kama bafta, ukisogea bila miguu, na midomo yake ikisema kwa adabu kabisa:

"Nipe kidogo tu, mwenzangu."

Walipotoka kula, Alice alimnong'oneza kwamba yule si Keturah. Ni bogati, jini la kwao, limevaa sura yake. Zamani lilikaa mtoni kimya, halina shida na mtu. Injini ilipoanza kuunywa mto ikalinywa nalo, na sasa linaishi kwenye mvuke na limezoea kula. Akashauri watafute kiatu cha chuma cha farasi wakitundike mlangoni, kinga ya majini.

"Kiatu cha nini?" Selina akamkata, akihema. "Linakula kupitia midomo yetu. Tuifunge."

Alasiri hiyo alikunja pini ya nywele ikawa ndoana, akawa anavutia uzi kwa hiyo. Nyapara Jabez Kershaw, mwenye tumbo la kutangulia nusu saa, akaja na saa yake mkononi, akamwambia anachelewesha kazi, anyonye kama wenzake au atoke.

Selina akamkabidhi kimtumbwi. Akasema kwa midomo, taratibu, banda zima lisome: "Nyonya wewe, bwana."

Kershaw akacheka, akakiinua. Kilipofika kidevuni kikaishia hapo, macho yakaruka bega la Selina yakatua pale nyuma, na kila mtu akaona yametua penye nini.

"Kumbe unaliona," Selina akasema. "Tangu Keturah unaliona."

Alice akazima mitambo yake. Kisha wa pembeni yake, kisha safu nzima, hadi wafumaji sitini wakasimama mikono kifuani, na juu mikanda ikazunguka bure. Kwa mara ya kwanza banda hilo likasikika lenyewe. Na ndani ya ukimya huo kikasikika kitu kikivuta pumzi ndefu, kama mtoto anayetafuta titi gizani.

Hakukimbia mtu. Selina akageuka, akatumia pumzi yote iliyobaki. "Kwetu huli tena."

Uso ule ukapita mbele yake, ukampita Alice, ukatafuta safu kwa safu, kisha ukamgeukia Kershaw, ambaye kwa mshangao alikuwa ameacha mdomo wazi.

Wafumaji sitini wakamtazama, midomo imefumbwa, na hakuna hata mmoja aliyemwambia afumbe wake.