Harusi Iliyopigiwa Kura

"Wanaokubali harusi iahirishwe, wanyooshe mikono."

Gudmund, katibu wa tawi, alisema hivyo bila kuinua macho kwenye daftari lake. Simu ya sebuleni kwake ilikuwa imefunikwa mto wa kochi, kama ilivyo kila kikao, maana Kundi la Novemba, chama chao cha kimapinduzi, liliamini polisi wanasikiliza simu zote za mji wa Bergen, huko Norwe. Mikono mitatu ikapanda. Ingunn akamgeukia mchumba wake, Sverre, aliyekuwa anatafuna kucha.

Mkono wa Sverre nao ukapanda.

"Wanne kwa mmoja, imepita," akasema Gudmund. "Ndugu Ingunn, usinune. Jumamosi ni siku ya kuuza gazeti la chama. Tuko watano mji mzima. Wawili mkienda kuoana, nani atasimama sokoni?"

"Mara ya tatu hii! Kwanza mkutano mkuu, halafu mgomo, sasa magazeti! Mama yangu kashaoka keki mbili, zote ziko kwenye friza!"

"Mapinduzi hayangoji keki."

"Mapinduzi yapi? Jumamosi iliyopita tumeuza magazeti manne, na moja umenunua wewe mwenyewe!"

"Kwa hilo utajikosoa kikaoni Ijumaa."

"Andika! Tena kwa herufi kubwa."

Akavuta koti lake la mvua, akatoka. Miaka saba tangu wanafunzi kumi na mmoja walianzishe, Kundi hilo lilikuwa limepasuka mara mbili, na nchi nzima halikufikisha watu mia mbili. Lilipoamuru wasomi wakaishi kama wafanyakazi, Ingunn aliacha udaktari mwaka wa nne, akaenda kiwanda cha samaki wa kopo. Samaki hakuwahi kuwajutia. Aliyemuudhi ni huyu mwanaume aliyekuwa anamkimbilia kwenye ngazi.

"Ingunn, nisikilize. Tulikuwa tumeshashindwa, kura yangu isingebadilisha kitu."

"Kwa hiyo ukaona bora uwaongezee?"

"Ni nidhamu ya chama, mpenzi. Wengi wakishaamua..."

"Miaka mitatu, Sverre! Miaka mitatu hujawahi kuniambia unanipenda kwenye simu. Nasikia tu 'shangazi anakusalimu'. Nimemchoka shangazi yako!"

"Si ndiyo lugha yetu ya siri? Polisi wakisikia..."

"Wakisikia unanipenda watafanya nini? Watakufunga?"

Ingunn akaivua pete ya uchumba, akamkabidhi mkononi.

"Shika. Nayo kaipigieni kura."

Siku tatu alikata vichwa vya samaki kwa hasira mpaka msimamizi akamuuliza kama anaumwa. Alhamisi akakuta karatasi chini ya mlango: "Kikao cha kukukosoa kesho saa kumi na mbili jioni. Choma ukishasoma. G." Hakuichoma. Aliibandika kwenye jokofu, na Ijumaa saa ilipofika akabaki jikoni kwake, akimenya viazi ambavyo hakuwa na hamu ya kuvila.

Simu ikalia.

"Haloo?"

Mtu anahema tu.

"Kama ni salamu za shangazi, nakata."

"Naitwa Sverre Hauge," sauti ikasema. "Mchomelea vyuma, naishi mtaa wa Sandviken. Nampenda Ingunn Tveit. Nataka kumwoa kesho saa tano asubuhi, kwa hakimu. Anayesikiliza na aandike."

Kisu kikamponyoka Ingunn.

"Sverre... uko wapi?"

"Kwa Gudmund. Wamekaa wanakungoja. Nimeutoa mto."

Nyuma yake mtu akapiga kelele: "Kata hiyo simu! Ametaja majina! Majina kamili, jamani!"

"Lakini harusi ya kesho ilishaahirishwa," akasema Ingunn.

"Kwa hakimu sikwenda kuifuta. Kila siku nilifika mlangoni nikarudi. Nilinyoosha mkono kwa woga, Ingunn, si kwa nidhamu. Nisamehe."

"Na magazeti atauza nani?"

"Sijui, na sitaki kujua."

Ingunn akafuta machozi kwa mkono wenye maganda. Bado alikuwa na hasira naye, ila hasira yenyewe ilishaanza kucheka.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Yote. Polepole, wasije wakakosea jina langu."

Akarudia, huku Gudmund akilalamika mpaka neno la mwisho.

Kesho yake, saa tano, mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida ya Bergen. Mlangoni kwa hakimu alisimama Gudmund na furushi la magazeti ndani ya mfuko wa nailoni.

"Sikuja harusini," akasema. "Nimekuja kuuza."

Mama yake Ingunn, aliyewapigia kura wahafidhina maisha yake yote, akanunua moja, akambebesha keki. Wajomba nao wakanunua, na mashangazi, na hata karani. Walipofika kwenye keki, ambayo katikati bado ilikuwa barafu, magazeti kumi na tisa yalikuwa yameshauzwa.

"Rekodi ya tawi," Gudmund akanong'ona, akatoa daftari.

"Andika na sababu," akasema Ingunn, pete ikiwa imerudi kidoleni. "Andika Sverre na Ingunn wameoana leo."

"Majina hayaandikwi, ndugu. Ni usalama wa chama."

"Gudmund."

Katibu akawatazama, akaitazama sahani yake ya keki, tupu.

"Tveit," akauliza, "mwishoni ni T mbili au moja?"